Moto huisha kabla tanzanaiti haijapachikwa

SONARA anayetengeneza pete ya fedha yenye tanzanaiti hulazimika kumaliza kazi zote za moto kabla ya kulipachika jiwe, kwani kito hicho hupasuka kwa urahisi kikipatwa na joto la ghafla.

Madini ya fedha yakiwa safi ni laini mno kwa pete, hivyo huchanganywa na madini mengine. Pete yenye alama ya 925 ina sehemu 925 za fedha katika kila 1,000. Zinazobaki kwa kawaida ni shaba.

Fedha ikigongwa kwa nyundo hukakamaa, na ikiendelea kufuliwa hupata nyufa. Ndiyo maana sonara huirudisha motoni mara kwa mara hadi iwe nyekundu hafifu, kisha huipoza na kuendelea.

Ukanda mwembamba hukunjwa kufuata umbo la jiwe, ncha zake huunganishwa kwa lehemu ya fedha, nao hulehemiwa juu ya pete. Baada ya hapo pete huloweshwa katika tindikali hafifu ili kuondoa weusi, ikapigwa tupa na msasa.

Kikalio cha jiwe nacho husawazishwa, kwa sababu jiwe lisilokaa vizuri huweza kuvunjika ukingo unapokandamizwa kulishika.

Kanuni hiyo inamhusu pia mteja: pete inayopelekwa kupanuliwa au kulehemiwa, tanzanaiti itolewe kwanza.