Wenye Bunduki wa Marekani na Maduka Wanayoyasusia

Wenzangu wanafunzi, nanyi kaka zetu mliomaliza masomo hapa zamani, sote twajua maana ya kususa. Mtoto akiudhika hususa chakula, na njaa humwuma yeye mwenyewe. Lakini kuna kususa kwa namna nyingine: watu wengi hupatana wasinunue kwa mfanya biashara fulani mpaka abadili nia yake. Waingereza hulitaja jambo hili kwa jina la Kapteni Charles Boycott, msimamizi wa mashamba huko Ireland, ambaye mwaka 1880 vibarua walikataa kumfanyia kazi na wenye maduka wakakataa kumwuzia vitu. Leo napenda kueleza jinsi wenye bunduki wa Marekani wanavyoitumia njia hiyo, na kwa nini mara nyingine hufaulu na mara nyingine hushindwa.

Yafaa kwanza tufahamu kwamba huko Katiba yenyewe, katika Marekebisho ya Pili yaliyothibitishwa mwaka 1791, inalinda haki ya raia kuwa na silaha. Bunduki zilizo mikononi mwa raia hukadiriwa kuwa nyingi kuliko idadi ya watu wote wa nchi. Kwa hiyo mwenye bunduki ni mnunuzi ambaye wafanya biashara hawana budi kumfikiri. Naye kabla ya kutoa fedha yake hujiuliza: Je, duka hili huniruhusu kuingia na bastola yangu? Je, kampuni hii huwasaidia wanaotaka kutubana kwa sheria? Akiridhika hununua kwa makusudi, asiporidhika huhama.

Mfano wa kununua kwa makusudi ni maduka ya kahawa ya Starbucks. Kampuni hiyo ilifuata tu sheria ya kila jimbo. Palipokuwa na ruhusa ya kubeba bunduki hadharani, haikumzuia mteja. Wapinzani wa bunduki wakaisusia, na wenye bunduki wakaja kwa wingi kunywa kahawa, wengine wakilipa kwa noti za dola 2 ili kuyakumbusha yale Marekebisho ya Pili. Ugomvi ule ulimchosha mwuza kahawa. Septemba 2013 mkuu wa kampuni, Howard Schultz, aliandika barua ya wazi akiwaomba wateja wasije tena na bunduki.

Mfano wa kususa kulikofaulu ni ule wa Smith & Wesson, watengenezaji wa bastola tangu mwaka 1852. Machi 2000 kampuni hiyo, iliyokuwa mali ya kampuni ya Kiingereza iitwayo Tomkins, ilipatana na serikali ya Rais Bill Clinton. Iliahidi kutia kufuli katika bastola zake ili mtoto asiweze kuzifyatua, na kuwataka wauzaji wake wafuate masharti makali zaidi. Kwa upande wake, serikali na miji kadhaa iliahidi kuiondolea mashtaka. Wenye bunduki walighadhibika. Hoja yao haikuwa kuchukia kufuli tu. Walisema serikali imetumia mashtaka ili kupata jambo ambalo bunge halikulipitisha. Wakaacha kununua, mauzo yakaanguka, na wafanyakazi wakapunguzwa. Tomkins walikuwa wameinunua kampuni hiyo mwaka 1987 kwa zaidi ya dola milioni 100. Mei 2001 waliiuza kwa dola milioni 15 tu, mnunuzi akiyabeba na madeni yake. Yale mapatano hayakutekelezwa.

Sasa tutazame Dick's Sporting Goods, maduka ya vifaa vya michezo. Tarehe 14 Februari 2018 watu 17, wengi wao wanafunzi, waliuawa kwa bunduki katika shule ya sekondari huko Parkland, jimbo la Florida. Muuaji alikuwa na miaka 19, umri nilio nao mimi niandikaye haya, na bunduki yake aliinunua kwa njia ya halali. Mwisho wa mwezi huo mkuu wa maduka hayo, Edward Stack, alitangaza kwamba hatauza tena bunduki za namna ile, wala hatamwuzia bunduki yoyote mtu aliye chini ya miaka 21. Zilizobaki, zenye thamani ya dola milioni 5 hivi, zikaharibiwa. Wenye bunduki wakasusa, na Stack mwenyewe alikadiria kwamba alipoteza mauzo ya karibu dola milioni 250. Lakini maduka yake hayakufa, wala yeye hakurudi nyuma.

Tofauti ni nini? Smith & Wesson iliuza bastola, na wanunuzi wa bastola ndio hao hao waliokasirika; tena bastola za watengenezaji wengine zilikuwa tele. Dick's huuza mipira, viatu na nguo kwa kila familia. Mwenye bunduki akiondoka, mzazi wa mcheza mpira yungali dukani. Basi kususa huuma pale ambapo anayesusa ndiye aliyekuwa akiilisha kampuni, naye ana mahali pengine pa kununua.

Kwa maoni yangu, fedha ni ya mtu mwenyewe, na kususa ni bora kuliko ngumi. Lakini kushinda si dalili ya kuwa na haki. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukipunguza pia. Kwa hiyo kabla hatujasusa duka lolote tujiulize mambo matatu. Tunadai nini hasa? Nani ataumia kwanza, tajiri au kibarua wake? Na mwenye duka akitusikia, tuko tayari kurudi kununua kwake?