Mashini inayoogelea peke yake: juu ya nini inajaribiwa kwanza ziwani?

Wakaaji wa kando ya ziwa wanajua: kitu kikizama mbali na ukingo, kukipata tena ni kazi. Sasa, namna gani watafiti wanatuma chini ya maji mashini ya bei kubwa, isiyo na mtu ndani, na kutumaini itarudi yenyewe?

Kwanza wanaijaribu. Mwezi wa pili 2008, huko Marekani, mashini iitwayo ENDURANCE iliingizwa chini ya barafu ya ziwa Mendota, jimbo la Wisconsin. Mwisho wa mwaka ule ule ikapelekwa Antaktika, katika ziwa Bonney, ambako barafu ina unene wa metre 3 hivi na zaidi. Huko, ikikosa tundu ilimoingilia, haina mlango mwingine wa kutokea.

Shida ya kwanza ni njia. Mawimbi ya redio hayaendi mbali majini, kwa hiyo GPS haifanyi kazi. Mashini inatumia sauti, na inahesabu yenyewe mwendo wake na upande inaoelekea. Kosa dogo kila dakika linakuwa kubwa nyuma ya saa moja.

Shida ya pili ni uzito. Maji ya ziwa ni mepesi kuliko ya bahari. Mashini iliyopangwa kwa bahari inaweza kuzama ziwani, mpaka wapunguze uzito wake.

Hayo yanagusa pia Kivu. Ziwa hili lina kina cha metre 485 hivi, na maji yake yamepangana kwa tabaka: ya chini yana chumvi nyingi zaidi na ni mazito. Ndiyo yanafungia kule chini gazi metani, pamoja na gazi kaboniki, ile ile inayoua watu katika mazuku. Mwaka 1986, gazi kaboniki ilitoka ghafula katika ziwa Nyos, Kameruni, ikaua watu karibu 1.700.

Mashini haiwezi kuzuia gazi. Kazi yake ni kupima: joto, chumvi na gazi, pahali pengi kuliko chombo kinachoshushwa kwa kamba toka mashuani. Lakini kipimo kinasaidia tu kama mashini inajua kilichukuliwa wapi, na kama imerudi nacho. Ndiyo maana majaribio hayarukwi.