Kompyuta Inapolipima Goti

Siku hizi mgonjwa wa goti kutoka Ukunda au Kinango, hapa Kwale, huja kliniki na swali ambalo zamani hatukulisikia: "Daktari, ni kweli kuna roboti inayobadilisha magoti?" Ameona video kwenye simu, au jamaa yake amerudi kutoka India akitembea bila mkongojo. Swali hili linastahili jibu kamili, maana gharama inayozungumziwa ni ya kumfanya mtu auze shamba la minazi.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba anayepasua bado ni daktari. Kompyuta humpimia pa kukata, basi.

Kuwekewa goti bandia si kung'olewa goti zima. Gegedu, lile tabaka laini jeupe linalofunika ncha za mifupa, likishalika, mfupa husaga mfupa, na mtu hukosa usingizi kwa maumivu. Daktari hukata kipande chembamba, kama milimita 9 hivi, kwenye ncha ya mfupa wa paja na ya muundi, huzivika ncha hizo chuma, kisha katikati huweka plastiki ngumu. Nyonga ni kazi nyingine: kichwa cha mfupa wa paja hukatwa chote, mhimili wa chuma huingizwa ndani ya mfupa, na kikombe hupachikwa kwenye fupanyonga. Mjini Berlin mwaka 1890 daktari Themistocles Gluck alijaribu kutengeneza viungo kwa pembe za ndovu, enzi ambayo Unguja ilikuwa lango kuu la biashara ya pembe kutoka bara. Maambukizi yaliiharibu kazi yake. Nyonga ya kutegemewa ilipatikana Novemba 1962, pale John Charnley wa hospitali ya Wrightington, Uingereza, alipounganisha kichwa kidogo cha chuma, kikombe cha plastiki na saruji ya mfupa.

Sasa tuje kwenye kipimo. Ukisimama wima, uzito hushuka kwa mstari kutoka katikati ya kichwa cha nyonga, hupita katikati ya goti, hadi kifundo cha mguu. Goti bandia likikaa nje ya mstari huo, upande mmoja wa plastiki huelemewa. Mafundi wa matatu wanalijua jambo hili: gurudumu likikaa upande, tairi huliwa ukingo mmoja. Kwa muda mrefu wapasuaji wamejiwekea kikomo cha nyuzi 3 kila upande wa mstari, na pembe ndogo hivyo si rahisi kuionea kwa macho kwenye mguu uliofunikwa vitambaa vya chumba cha upasuaji.

Kwa njia ya kawaida, daktari hutoboa ncha ya chini ya mfupa wa paja na kupitisha fimbo ndefu ya chuma ndani ya uwazi wake. Fimbo humwonyesha mfupa umeelekea wapi, na kifaa cha kuongoza msumeno hufungwa juu yake. Mfupa ukiwa umenyooka, njia hii inafaa sana, na mamilioni ya magoti duniani yamewekwa hivyo.

Kompyuta huiondoa ile fimbo. Vidude viwili vyenye vitufe vinavyorudisha mwanga hufungwa kwa pini mfupani, kimoja pajani na kingine kwenye muundi, na kamera ya miale isiyoonekana kwa macho husimama kando ya kitanda. Kisha daktari huuzungusha mguu taratibu, goti likichora duara hewani. Kompyuta hukifuata kidude cha pajani, hukokotoa kitovu cha mzunguko wake, na hapo hapo imeshajua kichwa cha nyonga kiko wapi, bila mtu kukigusa wala kupiga eksirei. Hesabu hiyo hunifurahisha kila niifikiriapo. Halafu daktari hugusa kwa ncha ya kifaa maalumu zile nundu mbili za kifundo cha mguu na sehemu kadhaa za goti. Skrini huonyesha mguu mzima na pembe zake, na msumeno ukienda kombo hata uzi mmoja, kosa linaonekana kabla mfupa haujakatwa. Goti la kwanza kuwekwa kwa njia hii lilikuwa la mgonjwa wa Grenoble, Ufaransa, Januari 1997, mikononi mwa timu ya Dominique Saragaglia.

Roboti ni hatua moja mbele: mkono wa mashine huushika au kuuzuia msumeno usivuke mpaka uliopangwa, mara nyingi kwa ramani iliyotokana na skani ya CT. Ya kwanza ilitumika kwenye nyonga huko Sacramento, Marekani, mwaka 1992. Bei ya mashine moja leo ni kama dola milioni moja, achilia mbali vifaa vinavyotupwa baada ya kila mgonjwa.

Je, mgonjwa aliyepimwa na kompyuta hutembea vizuri zaidi? Hapa nataka kuwa mkweli, kwa kuwa matangazo hayasemi. Mistari hunyooka zaidi. Hilo limethibitishwa mara nyingi. Lakini wagonjwa wakiulizwa mwaka mmoja au miwili baadaye kuhusu maumivu na mwendo wao, tofauti huwa ndogo au haipo. Faida iliyo wazi zaidi imeonekana kwenye daftari la taifa la viungo bandia la Australia, ambako wagonjwa wa chini ya miaka 65 waliowekwa goti kwa msaada wa kompyuta wamerudi kupasuliwa tena kwa uchache kidogo. Tukumbuke pia kwamba kiungo cha kawaida kilichowekwa na mkono wenye uzoefu hudumu sana: uchambuzi uliochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2019 ulikadiria kuwa magoti kama 82 kati ya 100, na nyonga kama 58 kati ya 100, hufika miaka 25.

Kwa hiyo mama wa miaka 68 kutoka Diani, mwenye goti lililochakaa na mfupa wa paja ulionyooka, hana haja ya kukopa ili apate roboti. Atafute daktari ambaye kazi yake ya kila wiki ni hiyo.

Lakini mifupa ya Kwale haiko hivyo yote. Mpanda bodaboda aliyeanguka barabara ya Lunga Lunga akavunjika paja huenda alitibiwa kwa msumari wa SIGN, msumari wa chuma wa shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle. Umeenea Afrika Mashariki kwa kuwa huingizwa bila mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Umewaokoa wengi wasilale kitandani kwa miezi. Miaka 20 baadaye, goti la mtu huyo likiharibika, uwazi wa mfupa wake una chuma tayari, na ile fimbo ya kupimia haipiti. Kwa mgema aliyeanguka mnazini, akafungwa vijiti nyumbani na mfupa ukaunga ukiwa umepinda, fimbo itamdanganya daktari. Wako pia wenye matege makali tangu utotoni. Kompyuta haijali kilichomo ndani ya mfupa wala mfupa umepinda wapi. Inachohitaji ni nyonga, goti na kifundo. Kwa wagonjwa hawa mimi siioni kuwa anasa hata kidogo. Kama kaunti za Pwani zitanunua pamoja mfumo mmoja wa kupimia, bila mkono wa roboti, hawa ndio wapewe nafasi ya kwanza.

Nyonga nayo ina mgonjwa wetu wa pekee: mwenye siko seli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichunguza damu za watu wa nchi hii mwaka 1949 na kukuta chembechembe za siko seli kwa wingi katika sehemu za malaria, Pwani na kandokando ya ziwa Victoria, huku nyanda za juu zikiwa nazo chache mno. Mwaka 1954 alieleza sababu: aliyerithi siko seli kutoka kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria. Aliyerithi kutoka kwa wazazi wote wawili huugua, na chembe zilizopinda huziba mishipa midogo inayolisha kichwa cha mfupa wa paja, hadi kichwa hicho kife na kuporomoka. Ndiyo maana unaweza kumkuta kijana wa miaka 22 Msambweni anayechechemea kama mzee. Uwazi wa mfupa wake mara nyingi umezibwa na mfupa mgumu, na kuuchimba bila kutoboa ukuta wake kunataka subira ya mkono. Kompyuta husaidia zaidi kwenye kikombe. Kipimo kilichozoeleka tangu 1978 ni mwinamo wa nyuzi 40 na mgeuko wa mbele wa nyuzi 15, kila kimoja kikiruhusiwa kupungua au kuzidi kwa 10. Kikombe kikikaa vibaya, nyonga inaweza kuchomoka mtu anapochuchumaa chooni au anapokaa kwenye mbuzi kukuna nazi.

Mhimili wa nyonga hiyo kwa kawaida ni wa titani, kwa kuwa mfupa hukubali kuota na kushikamana nayo. Kwale iliuza nje mchanga wenye madini ya titani kuanzia 2014, hadi uchimbaji wa kampuni ya Base Titanium ulipokoma Desemba 2024. Sehemu kubwa ya madini ya namna hiyo duniani huishia kwenye rangi nyeupe ya kupakia nyumba.

Yapo ambayo kompyuta haiyagusi. Haizuii usaha, ambao ndio adui mkubwa wa kiungo bandia. Hilo hutegemea usafi wa chumba cha upasuaji, dawa za kuua vijidudu zinazotolewa kwa wakati, na sukari iliyodhibitiwa kabla ya siku yenyewe. Haifanyi mazoezi ya wiki sita za kwanza, na mgonjwa anayelazimika kutoka Vanga hadi Msambweni kwa fiziotherapia huyaacha njiani. Wala hairudishi kila mkunjo: goti bandia kwa kawaida hukunjika nyuzi 110 hadi 120, ilhali kukaa kitako baina ya sijda mbili kunataka 150 hivi. Mgonjwa aambiwe mapema kwamba huenda ataswali kwenye kiti. Na umeme ukikatika, au kidude kikisogea mfupani bila kujulikana, vipimo vyote vinakuwa si vya kuaminika. Daktari ambaye hawezi kumaliza kwa vifaa vya kawaida hapaswi kuanza na kompyuta.

Ukipasuliwa, omba jambo moja kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Kila boksi la kiungo bandia huja na stika zenye jina la mtengenezaji, saizi na namba ya toleo, na wauguzi huzibandika kwenye faili. Omba moja ibandikwe kwenye kadi yako, ama uipige picha na kuituma kwa mwanao. Malawi imekuwa na daftari la taifa la viungo bandia tangu 2005. Kwako wewe, kadi hiyo ndiyo daftari. Plastiki ikija kuchakaa baada ya miaka 15, daktari wa wakati huo atahitaji kujua ni ya aina gani ili aibadilishe yenyewe tu, bila kukugusa chuma kilichokwisha kushikana na mfupa.