Mahali Penu Ndani ya Kompyuta: Jinsi Ramani Inavyounganishwa na Orodha za Misaada



Katika kila uandikishaji tunakutana na maswali yale yale. Kwa nini kijana wa shirika anasimama mbele ya kibanda akiinua simu juu kama mtu anayetafuta mtandao? Kwa nini anauliza kijiji mlichotoka, halafu gurupema, halafu teritwari, wakati leo mnakaa mahali pengine kabisa? Na kwa nini wiki inayofuata shirika lingine linakuja kuuliza mambo hayo hayo? Wengine wanadhani ni upelelezi. Wasiwasi huo una msingi, na nitaufikia. Kwanza lakini nieleze kazi yenyewe, kwa sababu mahali palipoandikwa vibaya panaweza kuinyima jamaa unga, na mpaka uliochorwa vibaya unaweza kugombanisha vijiji viwili vilivyokuwa vimeanza kusalimiana.

Orodha na ramani zilikuwa hazijuani

Kila ofisi kubwa, iwe ni kampuni ya simu, benki au shirika la misaada, inatumia programu ya kompyuta inayobeba shughuli zake zote: vitu vilivyomo depo, malori, mishahara, majina ya wateja au ya wanaopokea misaada. Kwa muda mrefu mahali, ndani ya programu hizo, palikuwa neno tu lililoandikwa katika safu moja: "Masisi", "Sake", "Minova". Ramani ilikaa kwingine, imebandikwa ukutani au imefungiwa katika mashine ya fundi mmoja. Mkuu wa shirika akitaka kujua ni jamaa ngapi zinakaa ng'ambo ya daraja lililobomoka, watu wawili walikaa na makaratasi siku nzima wakilinganisha.

Kuunganisha maana yake ni kwamba orodha na ramani vinashika ufunguo mmoja. Ukigusa nukta kwenye ramani, zinatokea jamaa zilizo hapo, magunia waliyopewa na siku waliyopewa. Orodha ikibadilika, ramani nayo inabadilika. Ufundi huu si wa jana. Tangu mwaka 2001 kuna nyongeza inayoitwa PostGIS ambayo inaiwezesha akiba ya kawaida ya data kutunza mahali na kujibu maswali ya umbali. QGIS, programu ya bure ya kuchora ramani, ilianza mwaka 2002. Mwaka 2004 ikazaliwa OpenStreetMap, ambayo wachoraji wake ni watu wa kujitolea duniani kote, na wamo pia vijana wa Goma. Waandikishaji wengi wanatumia KoboToolbox kwenye simu. PAM ina programu yake ya kuandikisha iitwayo SCOPE, na HCR ina proGres. Mkisikia majina hayo, jueni kwamba ni madaftari makubwa tu, ila daftari lenye kujua mahali.

Katoyi ipi?

Hapa ndipo kazi ngumu ilipo, na haihusu mashine. Inahusu majina. Katoyi ni mtaa wa mji wa Goma, katika komini ya Karisimbi. Katoyi ni pia milimani huko Masisi, na zoni ya afya ya huko inaitwa hivyo. Karisimbi yenyewe ni komini, ni zoni ya afya, na ni mlima wa volkano. Nyiragongo ni volkano na ni teritwari. Mtu akiandika "Katoyi" peke yake, kompyuta haiwezi kubahatisha. Lori linaweza kupakiwa kwa ajili ya watu wa mlimani, na hesabu ikahesabu watu wa mjini.

Halafu kuna namna za kuandika. Kitchanga, Kitshanga, Kichanga: kwetu sisi ni mji mmoja, kwa kompyuta ni miji mitatu, na kila mmoja una watu wachache kuliko walivyo kweli. Mji uliogawanyika mara tatu kwenye karatasi unaonekana mdogo, na mji mdogo hupewa vichache. Sioni kosa linalodhuru zaidi ya hilo, na ni la herufi mbili tu.

Dawa yake ni namba. OCHA imepatia kila jimbo na kila teritwari alama yake isiyobadilika. Alama za Kongo zinaanza na herufi CD. Kivu Kaskazini ni CD61, Kivu Kusini ni CD62, na za teritwari zinaongeza tarakimu nyuma ya hizo. Jina liandikwe kwa Kifaransa, Kiswahili au Kinyarwanda, alama ni ile ile. Shirika moja likitumia alama hizo na lingine likazitumia pia, orodha zao zinaweza kulinganishwa bila kuwauliza ninyi tena. Bado mashirika hayafanyi hivyo siku zote. Mengine yanapenda orodha yake kama mtu anavyopenda shamba lake.

Tena kuna migawanyo inayopishana. Kivu Kaskazini ina teritwari 6, lakini ina zoni za afya 34, na mipaka yake si ile ile. Sake iko teritwari ya Masisi. Kwa mambo ya afya iko zoni ya Kirotshe. Basi ripoti ya kipindupindu inasema Kirotshe, ripoti ya chakula inasema Masisi, na mtu aliye ofisini Kinshasa hawezi kujua kwamba zinazungumzia watu wale wale. Ramani ndiyo inayoweza kuweka migawanyo miwili moja juu ya nyingine na kuonyesha kwamba Sake ni ile ile.

Simu iliyoinuliwa juu

Sasa turudi kwa yule kijana. Simu yake inasikiliza setilaiti za GPS na kupata namba mbili: ya kwanza inasema uko umbali gani kaskazini au kusini ya ikweta, ya pili inasema uko umbali gani mashariki. Goma iko karibu na -1.68 na 29.22. Alama ya kutoa inamaanisha kusini ya ikweta. Mpaka Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikiharibu makusudi ishara ambayo raia wanapata, na kosa lilifika karibu mita 100. Ilipoacha, kifaa cha kawaida kikaweza kukaribia mita kumi na kitu. Lakini chini ya bati, chini ya migomba mizito au kando ya ukuta mrefu, ishara inayumba. Ndiyo sababu anatoka nje na kungoja. Mwacheni angoje dakika hiyo.

Akisahau ile alama ya kutoa, jamaa ya Goma inahamia msitu wa Ituri, upande wa Mambasa, karibu kilomita 370 kaskazini. Akibadilisha namba mbili, ya kwanza ikawa ya pili, jamaa hiyo inatupwa katika jangwa la Algeria. Programu nzuri inapigwa amri: nukta yoyote iliyo nje ya jimbo ikataliwe papo hapo, kabla kijana hajaondoka kwenye kibanda. Ni amri ya mstari mmoja, lakini inaokoa siku nyingi za kurudi nyuma.

Jambo lingine ni tarakimu baada ya nukta. Digrii moja ni karibu kilomita 111. Ukibakiza tarakimu mbili, umetaja eneo la kama kilomita moja. Tarakimu nne, mita kama 11: hapo umetaja kibanda chenyewe. Kumbukeni hesabu hii, tutaihitaji.

Ramani inajibu nini

Chukueni maji. Kanuni za Sphere, ambazo mashirika mengi yanazifuata, zinasema nyumba isiwe zaidi ya mita 500 kutoka mahali pa kuchota maji, na kila mtu apate angalau lita 15 kwa siku. Orodha peke yake itasema: kambi ina mabomba kadhaa na watu kadhaa, gawanya, inatosha. Ramani iliyounganishwa na orodha itaonyesha kwamba mabomba yote yako upande wa barabara, na jamaa za nyuma, mara nyingi zile zilizofika mwisho, ziko mbali. Wanaotembea mbali ni akina mama na wasichana, na mara nyingine usiku.

Hata hivyo kompyuta hupima kama ndege anavyoruka. Haijui kwamba kati ya kibanda na bomba kuna mawe makali ya lava au korongo la kuzunguka. Ofisi ikiwaambia "ninyi mko mita 400", na miguu yenu inasema vingine, semeni. Njia ya miguu inaweza kuchorwa, na hesabu ikafuata njia.

Tarehe ni nusu ya mahali

Kati ya Januari na Februari 2025, M23 ilipoingia Goma, makambi makubwa yaliyouzunguka mji, kama Bulengo na Kanyaruchinya, yaliachwa tupu. Watu walirudi vijijini, wengine wakaingia kwa jamaa za kuwapokea, wengine wakaenda wasikokujua. Katika kompyuta nyingi waliendelea kukaa Bulengo.

Kwa hiyo mahali pasipo tarehe hapafai. Mtu aliyehama anahitaji angalau sehemu tatu katika daftari: alikotoka, aliko leo (na siku iliyothibitishwa), na anakotaka kwenda. Ile ya tatu husahauliwa. Shirika linaloona tu alikotoka linadhani kila mtu anataka kurudi huko. Wapo ambao shamba lao limeshikwa, wapo ambao hawataki tena kuona kilima kile. OIM, ambayo ina mfumo wake wa kufuatilia watu wanaohama uitwao DTM, inategemea sana watoa habari wa mahali penyewe: wakuu, wauguzi, walimu. Yaani inategemea ninyi. Habari ikichelewa kwenu, inachelewa hadi juu.

Mstari unaogombanisha

Nimeona wazee wakijadili mpaka wa vijiji viwili kwa utulivu, mpaka ramani ikatolewa. Kwa desturi mpaka wetu mara nyingi si mstari. Ni bonde ambalo wote wanachungia, ni mti, ni kijito kinachohama mvua ikiwa nyingi. Kompyuta inapenda mstari mwembamba, na mstari ukishachapwa kwa rangi, mmoja anaona ameshinda na mwingine anaona ameibiwa. Sheria ya ardhi namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Dola. Mwami na wakuu wa kimila wanaendelea kuigawa kijijini. Na aliyekimbia anarudi akikuta mwingine analima. Ramani ya shirika haina mamlaka ya kukata neno hapo, hata iwe nzuri namna gani.

Lakini inaweza kutunza ubishi bila kuuficha. UN-Habitat na wenzake walitengeneza programu iitwayo STDM, ambayo inakubali kuandika haki ambazo hazina hati ya serikali: nani analima, nani anadai, nani alipewa na nani, na ushahidi upi. Madai mawili yanaweza kukaa juu ya shamba moja, yote mawili yakionekana. Mimi naona hiyo ndiyo njia ya heshima. Kabla ya kuchora, pande zote zitembee pamoja mpakani, wanawake wakiwamo, maana wao ndio wanaojua kila mfereji wa shamba. Na sehemu isiyokubaliwa ichorwe kwa rangi yake, iitwe kwa jina lake: mpaka wenye ubishi.

Nani anaitazama?

Sasa ule wasiwasi. Ramani inayoonyesha kibanda cha mama aliyebakwa, au mtoto anayeishi peke yake, au mwanamume wa kijiji fulani aliyejificha katika kijiji kingine, ni silaha mikononi mwa mtu mbaya. Kumbukeni zile tarakimu. Kwa kupanga lori, tarakimu mbili zinatosha. Tarakimu nne zibaki kwa wale wachache wanaohudumia jamaa hiyo, zikifungwa kwa neno la siri, na ramani inayochapwa au kutumwa kwa wafadhili ionyeshe jumla ya kijiji tu, bila nukta za watu. Pale kijiji kina jamaa mbili tatu za kabila moja, hata jumla inawafichua. Hapo ni afadhali kuunganisha vijiji kadhaa. Katika nchi yetu ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayohusu mambo ya kidijitali, inalinda habari za mtu binafsi. Mnayo haki ya kuuliza.

Basi waandikishaji wakifika, rais wa kambi au mkuu wa kijiji aombe kwanza kuona barua yao, kisha awaulize: nukta hizi zinakwenda wapi, nani atazifungua, zitafutwa lini, na mtu akikataa kupigwa nukta, atabaki kwenye orodha ya chakula? Jibu la swali hilo la mwisho linapaswa kuwa ndiyo. Kwa upande wenu, tayarisheni daftari moja la majina ya mahali: namna yote ambayo jina linaandikwa, jina la zamani kama lipo, gurupema, zoni ya afya, na tarehe ambayo kila kundi la jamaa lilifika au liliondoka. Majina ya watu msiyaweke katika daftari hilo. Mwandikishaji akiwa ameandika Katoyi, mwambieni ni ipi kabla hajafunga simu.