Malalamiko ya Wenye Magari Huishia Wapi?

Hebu pitia barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, pale tunapopaita Grogan, siku yoyote isiyo Jumapili. Utasikia Kiswahili ambacho hakimo katika vitabu vyetu vya fasihi. Huyu anasema gari yake "inavuta upande". Yule, yake "inachemsha" kila ikipanda mlima. Wa tatu ameshika kiuno, anaapa kwamba breki zilitengenezwa mwezi jana na leo pedali inashuka mpaka sakafuni. Fundi, mikono imejaa grisi, anasikiliza, anatikisa kichwa, anaitisha spana. Saa mbili baadaye pesa zinatolewa, gari linaondoka, na maneno yote yale yanabaki pale chini pamoja na mafuta machafu.

Sisi wa Chama cha Kiswahili tunajua kwamba kunung'unika na kulalamika si kitu kimoja. Anayenung'unika husema chini kwa chini, aghalabu kwa mtu asiyeweza kumsaidia zaidi ya hapo. Anayelalamika hupeleka neno lake kwa anayehusika na kutaka jibu. Wenye magari wengi hapa nchini hununung'unika tu, na hasara yake ni kubwa kuliko bei ya kipuri.

Si kila ubovu ni wa kulalamikia, lakini. Pedi za breki huisha, tairi hulika, mkanda wa feni hukatika. Huko ni kuchakaa, na gari halina kosa, kama vile kiatu kisivyo na kosa kikipasuka soli. Kuna ubovu mwingine ambao gari huzaliwa nao. Mhandisi alikosea mchoro au kiwanda kilitumia kifaa duni, na kasoro hiyo ikaingia katika maelfu ya magari ya aina moja. Hii ndiyo ya hatari, kwani fundi anayeona gari moja tu hawezi kuitambua. Fundi wa Nakuru atasema ni bahati mbaya. Wa Kakamega atasema dereva ni mzembe. Ni mpaka mtu akusanye maneno yao yote mahali pamoja ndipo ukweli utajitokeza.

Marekani walilitambua jambo hili zamani kidogo. Mwaka wa 1965 Ralph Nader alichapisha kitabu cha kuyashutumu makampuni kwa kuuza magari ya hatari, na mwaka wa 1966 bunge lao likapitisha sheria ya usalama wa magari. Tangu 1970 kuna idara ya serikali, NHTSA, inayopokea malalamiko ya mwenye gari yeyote yule. Mtu anaandika aina ya gari, mwaka, nambari ya chasisi na yaliyotokea. Malalamiko yanayofanana yakizidi, uchunguzi unaweza kufunguliwa, na kampuni ikipatikana na kosa hulazimika kuyaita magari yarudi na kuyatengeneza bila malipo.

Ati huko basi ni peponi? La hasha! Tazama kisa cha kampuni ya General Motors. Mapema katika miaka ya 2000 ilitengeneza magari madogo, miongoni mwao Chevrolet Cobalt na Saturn Ion, yenye swichi ya ufunguo iliyo laini kupita kiasi. Dereva akigusa ufunguo kwa goti, au akitundika funguo nyingi nzito kwenye pete, swichi ilijigeuza yenyewe gari likiwa mbioni. Injini inazimika. Usukani unakuwa mzito ghafla, breki zinapoteza nguvu ya kuzisaidia, na mifuko ya hewa, ile inayofumuka kumkinga dereva kifuani wakati wa ajali, haipati umeme wa kuiamrisha ifumuke. Yaani gari linazima wakati uleule linapohitajika kukulinda.

Watu walilalamika! Mnamo 2004 na 2005 walikuwa wakisema magari yanazimika njiani. Kampuni ikaliandika jambo hilo kama usumbufu kwa mteja, halikuandikwa kama hatari. Wauzaji wakapewa waraka wa kuwaambia wenye magari wapunguze vitu kwenye pete ya funguo. Jamani! Mwaka wa 2006 pini ndogo ndani ya swichi ikarefushwa kimyakimya, kwa chini ya milimita 2, bila kubadilisha nambari ya kipuri. Kwa hivyo kwenye karatasi swichi mbovu na nzuri zikawa kitu kimoja. Mwaka wa 2007 NHTSA wenyewe walifikiria kufungua uchunguzi, wakaacha. Magari hayakuanza kuitwa mpaka Februari 2014, na jumla yake ikafika milioni 2.6. Mfuko wa fidia uliowekwa na kampuni ulikubali madai ya vifo 124. Kipuri chenyewe hakikufika bei ya dola 1.

Mtasema hayo ni ya Wamarekani na Cobalt hatuzioni hapa. Sawa. Basi tuje kwenye mfuko wa hewa wenyewe, kwa maana huu umo katika magari tunayopanda kila siku.

Kampuni ya Takata ya Japani ilitengenezea makampuni mengi ya magari kifaa cha kuufumua mfuko huo. Ndani ya kopo la chuma iliwekwa kemikali ya amonia naitreti, ambayo huwaka ghafla na kutoa gesi. Kemikali hii ikikaa miaka mingi katika joto na unyevunyevu huharibika, na siku ya ajali huwaka kwa nguvu kupita kiasi. Kopo linapasuka, na vipande vya chuma vinamrukia dereva usoni na shingoni. Mtu anagongwa kidogo tu, ajali ya kutoka nayo na michubuko, kisha anauawa na kile kilichowekwa kumwokoa. Honda iliita magari ya kwanza mwaka wa 2008, nayo yalikuwa kama 4,000 tu. Baadaye hesabu ikapanda hadi makopo takriban milioni 100 duniani kote, na Takata ikafilisika Juni 2017. Vifo vingi vilitokea mahali penye joto na unyevu, kama Florida na Malaysia. Msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu anaelewa ninakoelekea.

Kenya hununua kwa wingi magari ya mtumba kutoka Japani, yasiyozidi miaka 8. Katika orodha ya yaliyoitwa kwa ajili ya Takata yamo baadhi ya Toyota Vitz, Honda Fit na Nissan X-Trail, majina ambayo hata mtoto wa darasa la tatu anayajua. Kiwanda kinapoita gari, barua hutumwa kwa mwenye gari aliyesajiliwa Japani. Lakini yule alishaliuza, likapanda meli, likashukia Kilindini. Barua haikupanda meli.

Nina mjomba mwenye teksi ya mtumba. Taa ya mfuko wa hewa iliwaka kwenye dashibodi, akaipeleka gereji, na fundi akakata waya wa taa. "Imepona," akaambiwa! Sisemi fundi ni mtu mbaya. Aliletewa kero ya taa, akaiondoa taa.

Je, mwenye gari afanye nini? Nambari ya chasisi imo katika logibuku na imechongwa kwenye gari lenyewe. Watengenezaji wakubwa wa Japani wana kurasa katika mtandao ambapo nambari hiyo huonyesha kama gari liliitwa. Kwa upande wa sheria, kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, habari za kumwezesha kuzitumia ipasavyo, ulinzi wa afya na usalama wake, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Lakini haki haijisomi yenyewe. Andika barua, na uandike mambo, si hasira: tarehe, mwendo wa gari, barabara ilikuwaje, ulikanyaga nini, gari likafanya nini. "Gari ni mbovu sana" hakumsaidii mhandisi. "Lilizima mara 3 kwa mwendo wa kilomita 60 nilipopita kwenye matuta" kunamwambia pa kutazama. Peleka nakala kwa aliyekuuzia na nyingine kwa shirika la viwango, KEBS, ubaki na yako.

Na kile kipuri kibovu kilichong'olewa, usimwachie fundi akitupe. Kitie kwenye mfuko, ukiandike tarehe. Kile kisa cha swichi kilifumbuliwa na mhandisi wa kukodiwa, katika kesi ya ajali moja ya mwaka wa 2010 jimboni Georgia. Aliitoa swichi ya gari lililoharibika, akanunua nyingine mpya yenye nambari ileile, akazifungua zote mbili mezani. Pini zilikuwa na urefu tofauti.