Mhandisi na Elimu ya Tijara

Mwezi wa Septemba mwaka 2013 kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilichoanza kazi mwaka 1963 na kwa nusu karne kikailisha Kenya pamoja na majirani zake wa bara, kiliacha kusafisha mafuta, na hakijairejea kazi hiyo mpaka leo; wala sababu haikuwa moto wala uhaba wa mafundi, kwa maana mafundi walikuwapo, na mitambo, japo ya kikale, ilikuwa ikienda. Kilichokifunga ni hesabu. Nakitanguliza kisa hiki kwa kuwa wahandisi vijana wa Likoni, Kisauni na Changamwe huuliza sana kama yafaa, baada ya shahada yao ya kwanza, wakasome shahada ya uzamili ya biashara, hiyo MBA, ili wapande vyeo. Nami naona jawabu halipatikani sawasawa mpaka tufahamu kwanza ni elimu gani anayoikosa mhandisi siku mtambo wake mzima unapohukumiwa kufungwa.

Kiwanda kile kilikuwa cha namna sahali. Mafuta ghafi, aghalabu ya nchi za Ghuba kama yale ya Murban ya Abu Dhabi, yalipashwa moto katika tanuri, kisha yakapandishwa katika mnara wa kunereka, kila sehemu ikajitenga kwa kadiri ya uzito wake: gesi na petroli juu, mafuta ya taa na dizeli kati, na chini kabisa masazo mazito. Hapakuwa na mtambo wa kuyavunjavunja masazo hayo yakageuka petroli au dizeli, na kwa hivyo fungu kubwa la kila pipa lilitoka likiwa mafuta mazito ya matanuri na meli, ambayo kwa kawaida bei yake ni duni hata kuliko ya mafuta ghafi yenyewe. Ng'ambo ya bahari, huko Jamnagar katika Gujarat, pwani ambayo majahazi yake yameizoea Mombasa tangu zama za mababu, kulikwisha kufunguliwa mwaka 1999 kiwanda kikubwa mno chenye mitambo hiyo. Na wauzaji mafuta wa Kenya, waliokuwa wamelazimishwa kusafisha sehemu ya shehena zao Changamwe, wakalalamika kwamba mafuta yaliyokwisha kusafishwa ng'ambo yakaletwa kwa meli yalikuwa rahisi kuliko yaliyosafishwa mlangoni pao. Kampuni ya Essar ya India, iliyonunua nusu ya hisa mwaka 2009, ilikuwa na azma ya kuongeza mitambo, walakini mwaka 2013 ikatangaza kwamba kazi hiyo, ambayo gharama yake ilikisiwa kupita dola bilioni 1, haitajilipa.

Hapo ndipo mhandisi na mwenye mali hukosana, ilhali wote wawili husema kweli. Mhandisi hudhamini kwamba mtambo utafanya kazi miaka 20. Mwenye mali huuliza fedha zitakazorudi mwaka wa 5 au wa 15 zina thamani gani leo. Ikiwa fedha yaweza kuzaa asilimia 12 kwa mwaka mahali pengine, basi shilingi 1,000,000 zitakazopatikana baada ya miaka 5 ni sawa na kama shilingi 567,000 zilizoko mkononi sasa, na kadiri pato linavyozidi kuwa mbali ndivyo linavyozidi kusinyaa. Msomaji anayejiepusha na riba asidhani kuwa hesabu hii haimhusu, kwani faida ya duka au kodi ya nyumba yatosha kuwa kipimo chake. Mhandisi asiyeijua hesabu hii ataingia katika majlisi ya wakubwa na michoro isiyo na kosa, kisha atoke bila kufahamu kwa nini imekataliwa.

Basi elimu ya mali ni wajibu juu ya mhandisi, hilo sina shaka nalo. Lakini je, shahada ndiyo njia yake? Elimu ya uendeshaji wa kazi yenyewe, kwa sehemu kubwa, ilitungwa na wahandisi. Henri Fayol, mhandisi wa migodi wa Ufaransa, alikabidhiwa mwaka 1888 kampuni iliyokuwa karibu kufilisika, akaiinua, na baada ya miaka mingi ya kazi, mwaka 1916, ndipo alipochapisha kanuni zake za uongozi. Alfred Sloan, aliyeiongoza General Motors tangu mwaka 1923, alihitimu uhandisi wa umeme mwaka 1895 katika chuo cha MIT, na chuo hicho hicho, kilipoanzisha mwaka 1931 masomo maalumu ya uongozi, kiliwaandalia watu waliokwisha kuwa kazini. Katika visa hivi dhamana ya kazi ilitangulia, darasa la uongozi likafuata.

Rai yangu ni kwamba utaratibu huo usipinduliwe. Kijana aliyehitimu juzi, ambaye hajapata kuandaa zabuni, wala kutetea bajeti, wala kumlipa mkandarasi aliyechelewa, atayasikia masomo ya biashara kama habari za nchi asiyoifikia. Miaka yake ya mwanzo ina deni jingine: Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 yataka mhandisi aliyehitimu afanye kazi kwa muda usiopungua miaka 3 kabla ya kusajiliwa na Bodi ya Wahandisi kuwa mhandisi kamili, na bila usajili huo hana idhini ya kuidhinisha kazi kwa jina lake. Huyo karo yake na aiweke.

Mwenye haja ya shahada ile ni yule wa bandarini, wa kituo cha umeme cha Kipevu au wa kiwanda cha saruji cha Bamburi, ambaye amekwisha kupewa watu na fedha za kusimamia, na kila mwezi akutana na swali ambalo uhandisi wake haulijibu. Ama yule ambaye moyo wake uko katika mihimili ya madaraja au injini za meli, hana haja ya kuikimbia fani yake. Uzamili wa fani hiyo utamfaa zaidi, na duniani hakuna ziada ya wahandisi mabingwa. Fauka ya hayo, asome kwanza masharti ya cheo anachokitamani, maana taasisi nyingi za umma hutaka uzamili wa fani husika pamoja na kozi ya uongozi ya wiki 4, na kozi kama hiyo mtu wa Likoni huipata Matuga, katika Chuo cha Serikali cha Kenya, kwa karo iliyo chini sana ya ile ya shahada.

Nanyi waajiri wa Changamwe, msingoje wahandisi wenu warudi na vyeti ndipo muwafunulie daftari. Waketisheni mapema katika vikao vya bajeti, muwaonyeshe bei ya kila saa ambayo mtambo umesimama, na atakayedhihirika kuwa na kipaji cha mambo hayo mlipieni masomo.