Kuhamisha Habari za Wagonjwa

Wakati wa likizo iliyopita nilimsindikiza bibi yangu kutoka Kang'ata kwenda hospitali. Alipoulizwa maswali, hakukumbuka kwamba sindano ya penisilini iliwahi kumdhuru vibaya. Habari hiyo ilikuwa imeandikwa, lakini ilikuwa katika jalada la hospitali nyingine. Bahati njema mama yangu alikuwapo, akasema. Tangu siku ile nimependa kujua jinsi habari za wagonjwa zinavyoweza kuwekwa pamoja katika kompyuta, na leo nawaelezeni kwa ufupi.

Mgonjwa wa kwetu aweza kuanza zahanati, akapelekwa Handeni mjini, kisha Magunga huko Korogwe, au Bombo huko Tanga. Kila mahali hufunguliwa jalada jipya. Kompyuta peke yake haiondoi shida hiyo. Kama kila hospitali ina kompyuta yake isiyozungumza na ya jirani, basi hayo ni majalada yale yale yaliyobadili nguo.

Kazi hii si ngeni Afrika ya Mashariki. Huko Kenya, Kituo cha Afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kuweka habari za wagonjwa katika kompyuta mwaka 2001. Mwaka 2006 wenzao wa Eldoret wakaanza kutumia programu kubwa zaidi, OpenMRS. Hapa Tanzania, hospitali nyingi za serikali zimetumia mfumo uitwao GoT-HoMIS.

Je, habari huhamishwaje? Kwanza, makarani hutafuta mtu mmoja mwenye majalada mawili. Hapa ndipo penye ugumu. Khadija huandikwa Hadija, na Swalehe huandikwa Salehe. Wazee wasiojua siku yao ya kuzaliwa huandikiwa tarehe 1 Januari, basi wengi huonekana wamezaliwa siku moja! Mtu mmoja akihesabiwa wawili, nusu ya habari zake hupotea. Watu wawili wakifanywa mmoja, ni hatari zaidi, maana huyu atapewa dawa ya yule.

Pili, maneno husawazishwa. Mganga mmoja aliandika "malaria", mwingine "homa", mwingine herufi tatu tu. Kila ugonjwa hupewa alama moja inayojulikana na wote. Lakini "homa" isigeuzwe malaria kwa kukisia.

Tatu, majalada machache huhamishwa kwa kujaribu, kisha watu husoma la zamani na jipya pamoja, neno kwa neno. Kazi ikiwa safi, ndipo mengine hufuata. Majalada ya zamani yasichomwe upesi, maana kosa laweza kuonekana baadaye.

Mwisho ni siri. Jalada la karatasi husomwa na aliyelishika, lakini la kompyuta laweza kusomwa na wengi kwa mara moja. Kwa hiyo kila mtumishi apewe ruhusa kwa kadiri ya kazi yake. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022.

Nasi wanafunzi tuna sehemu yetu. Tuwasaidie wazee wetu kutaja jina lile lile kila wanapokwenda kutibiwa, na tuandike katika daftari la nyumbani dawa zinazowadhuru. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naona afya nayo ni mali.